Sinema ya Mchana Kule Karurumo

Ndugu yangu Njiru, ambaye serikali iliamini amekufa, alikuwa ameketi juu ya gunia tupu mstari wa tatu, akicheka kuliko wote. Jua lilichungulia kupitia matundu ya misumari kwenye mabati ya ghala la kahawa, na doa moja la mwanga, dogo kama kifungo cha shati, lilikuwa limetua kwenye sikio lake la kushoto. Ndewe ya sikio hilo ilikuwa imechanika. Mlangoni, hatua chache tu kutoka hapo, alisimama mtu ambaye tangu mwaka wa hamsini na tatu alikuwa akilitafuta sikio lile. Nami nilikuwa mbele, kando ya shuka nyeupe, fimbo ya mwanzi mkononi, nikisimulia.

Niieleze kazi yangu kwanza, maana mjukuu wangu Virginia, anayetazama sinema za polisi na majambazi kwenye simu huku amelala kitandani, haamini kwamba zamani sinema ilihitaji mtu wa kusimama kando yake. Wazungu waliokuwa ndani ya picha walisema Kiingereza chao cha puani, na Karurumo hakuna aliyekielewa. Kwa hiyo Billow, mwenye sinema, alizima sauti ya mashine, nami nikawasemea wote: jambazi, polisi, mke wa jambazi, hata mbwa wa polisi. Mjini Maua nilisimulia kwa Kimeru, Siakago kwa Kimbeere, Karurumo kwa Kiembu chetu. Meru mjini, mbele ya madereva na wachuuzi, nilisimulia kwa Kiswahili nilichofundishwa na Halimo, mke wa Billow, jikoni kwake, akinipiga kofi dogo la begani kila nilipokosea. Shule nilikuwa na darasa la nne tu la misheni, lakini koo nilikuwa nalo. Watu waliuliza kwanza, "Ni yule msichana Wambeti?" kabla hawajauliza ni picha gani. Sijisifu bure. Ndivyo ilivyokuwa.

Billow alikuwa Msomali wa Meru mjini, mrefu, mwenye lori la kubebea ngozi. Hali ya hatari ilipokuja na vizuizi vikajaa barabarani, ngozi zikaozea ghalani, akanunua mashine ya sinema na mikanda yake kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Katika ile mikanda kulikuwa na picha moja ya upelelezi ambayo watu hawakuichoka. Mtu mmoja mpole anauza mikate katika mji mdogo. Watoto wanampenda, mkewe anampenda, hata kasisi wao anamwinulia kofia. Hakuna anayejua kwamba katika mji mwingine, zamani, alimpiga risasi mlinzi. Siku moja anaingia mgeni mwenye kofia pana, ananunua mkate, anamtazama usoni, hatoki. Kuanzia hapo ni kukimbizana mpaka mwisho, ambapo muuza mikate anafungwa pingu na unga ungali mikononi.

Mimi niliipenda picha ile kuliko zote, kwa sababu ya pale mgeni anaponyamaza. Pale nilikuwa nanyamaza pia. Nawaacha watu wavute pumzi. Huo ndio ufundi.

Karurumo ilibidi tuionyeshe mchana. Watu walikuwa wamehamishwa mashambani na kujazwa katika kijiji kimoja, nyumba zimepangwa mistari, na handaki lenye miti iliyochongwa limekizunguka. Ikifika jioni, hakuna kutoka nje. Basi wanaume wakapigilia magunia madirishani mwa ghala, mashimo ya mabati wakayaacha kwa kuwa hayakufikika, na sisi tukaleta sinema yetu katika giza lile la kubuni lenye harufu ya kahawa na jasho. Ofisa wa wilaya alitupa kibali kwa sharti moja. Kila tuendapo, Sajini Mukiri aende nasi.

"Watu waangalie picha," alimwambia Mukiri mbele yetu, kwa Kiswahili chake kizito. "Wewe uangalie watu."

Mukiri alikuwa mtu wa Mwimbi, kifua kipana, sauti ya chini. Katika safari yetu ya kwanza aliketi katikati, mimi upande wa mlango, Billow kwenye usukani. Tulipopita Nkubu akaanza maneno.

"Msichana wa sinema, kwenu wanataka mbuzi wangapi?"

"Mbuzi wako nimewaona," nikamwambia. "Wana kikohozi."

Billow alicheka mpaka lori likayumba. "Wallahi, Sajini, umepigwa bila bunduki!"

"Basi nitaleta ng'ombe. Wewe ni wa ukoo gani?"

Nikamtajia ukoo wetu. Palepale akasogea, akajibana kwa Billow mpaka goti lake likaacha kabisa kugusa langu.

"Nisamehe," alisema. "Nimekutania vibaya. Wewe ni gichiaro yangu."

Virginia hajui neno hilo, na mama yake alilisikia tu kwa mbali. Zamani sana wazee wa ukoo wetu na wazee wa ukoo wake walikula kiapo, wakahesabiwa kuwa wamezaliwa tumbo moja. Kizazi kwa kizazi, hata kama hamjawahi kuonana, mkitajiana ukoo mmekuwa ndugu palepale. Hamuoani. Hamwagiani damu. Hamdanganyani. Na mmoja akimwomba mwenzake jambo, halikataliwi. Mtu angeweza kumdanganya kasisi na hakimu siku moja na akalala usingizi. Gichiaro hakudanganywa na mtu aliyetaka watoto wake wakue.

Toka siku ile Mukiri alinibebea maji. Tukisimama Chuka, alininunulia ndizi kabla hajanunua zake. Billow alidhani ni uchumba unaendelea, akanionya nisiolewe na askari.

Ni Mukiri mwenyewe aliyenisimulia, njiani, habari ya kambi yao iliyochomwa ukingoni mwa msitu, juu ya Kibugu. Mdogo wake, Misheck, alikuwa askari mpya pale. Watu wa msituni, wale waliopigana na serikali, waliingia, nyasi za paa zikawaka, na katika mwali ule Mukiri aliona uso wa mtu aliyekuwa akimburuta Misheck kuelekea mitini. Aliona na sikio la kushoto, ndewe imechanika na kuning'inia. Misheck hakurudi. Hata mfupa wake haukuonekana.

Niliposikia hayo nilitazama nje ya dirisha mpaka tukafika. Njiru alikuwa ametoka msituni kimya kimya mwaka uliopita. Serikali ilidhani amefia huko; angejulikana kwa jina lake halisi, kilichomngoja kilikuwa kitanzi. Aliishi Karurumo kwa kipande, yaani kitambulisho, cha binamu yetu Mbogo aliyekufa kwa homa ya mapafu, na kijiji kizima kilimwita Mbogo bila kujikwaa. Mimi sikumwambia Mukiri kitu, naye hakuniuliza. Kunyamaza si kudanganya, nilijiambia. Nikaomba Njiru awe amepelekwa kuchimba handaki siku ya sinema.

Hakupelekwa. Siku ile waliletwa wote.

Basi turudi ghalani. Mgeni wa kofia ameingia dukani. Watu walikuwa wamechangamka kama kawaida.

"Mikate yote ile, na hampi mtu hata ukoko!" alipiga kelele Nelius, mama mmoja asiyejua kukaa.

"Keti chini, Nelius, kichwa chako kimetuzibia mji mzima!"

Na Njiru, ambaye tangu utoto hakuweza kuacha mzaha upite, akapaza sauti: "Huyo wa kofia ni mpelelezi! Muone anavyonunua mkate na hana njaa!"

Ghala likalipuka kwa kicheko. Mukiri, pale mlangoni, aligeuka tu kumtazama mchekeshaji, jinsi mtu yeyote angegeuka. Nikaona macho yake yanatua kwenye lile doa la mwanga. Nikaona yanakaa. Mkono wake ukapanda polepole kifuani, penye kamba ya firimbi. Kando yake ofisa aliketi kwenye kiti pekee kilichokuwa ndani, na nje kulikuwa na askari wenye bunduki.

Pale ndipo huwa nanyamaza. Siku ile sikunyamaza.

Kiembu chetu na Kimwimbi cha Mukiri ni maji ya mto mmoja, na ofisa hakujua hata kimoja. Niliinua fimbo yangu, nikaigusisha kwenye kofia ya yule mgeni, nikasema kwa sauti ileile ya kusimulia:

"Mtu huyu wa kofia amemtambua muuza mikate. Ana uchungu naye, na uchungu wake ni wa haki, sitaupunguza. Lakini kuna jambo asilolijua. Muuza mikate ni mtoto wa mama yangu. Ziwa nililonyonya mimi ndilo alilonyonya yeye. Na mtu wa kofia ni gichiaro yetu. Sasa nimelisema. Amelisikia. Hawezi tena kusema hakulisikia."

Kicheko kilikatika. Ilibaki mashine ya Billow ikitatarika peke yake.

Nataka mjue jambo hili, maana ndilo ninalolibeba mpaka leo. Ghala lilikuwa limejaa hadi kutani. Kulikuwa na wake ambao waume zao walikuwa kizuizini, na kulikuwa na homugadi, walinzi wa kijiji waliolipwa na serikali, na marungu yao mapajani. Wote walijua Kiembu, na wote walijua Mbogo ni nani. Hakuna kichwa kilichogeuka kumtazama Njiru. Hata kimoja. Nelius, ambaye shingo yake haikutulia hata kanisani, alilikodolea shuka macho kana kwamba ameambiwa jina lake litaandikwa pale. Nimekaa na mataifa mengi, nimeona mabunge yakifunguliwa na bendera zikipandishwa, lakini sijapata kuona watu wakisimama imara vile huku wameketi.

"Anasema nini?" ofisa aliuliza. "Kwa nini wamenyamaza?"

Mukiri hakuondoa macho kwangu. "Anasema muuza mikate ana dada, Bwana. Ni mahali pa huzuni."

"Ah." Ofisa akaitikia kwa kichwa. "Na mtu wetu wa sikio? Umemwona?"

Mkono ule ulikaa kwenye firimbi kwa muda nisioweza kuwaeleza. Kisha ukashuka.

"Hapana, Bwana. Sijamwona."

Niliendelea mpaka mwisho wa mkanda. Nilimfunga muuza mikate pingu kama picha ilivyotaka, na unga mikononi. Sauti haikutetemeka.

Nje, Billow alikuwa amechuchumaa akikunja shuka, haridhiki. "Wewe binti, leo umenifanya nini? Pale pa kofia watu hucheka, hupiga makofi! Leo wamekuwa kama wako msibani. Mimi picha hii nimeiona mpaka naiota, na hakuna dada mle!"

"Leo alikuwapo, Billow."

Akaguna, akaenda kuziba tairi lililotoboka. Mukiri alikuwa akinisubiri nyuma ya lori.

"Usinidanganye," alisema.

"Siwezi."

"Alikuwa pale kambini kwetu, siku ya moto?"

"Alikuwapo. Aliniambia alikuwapo."

"Ndiye aliyemuua Misheck?"

"Hilo sijui. Hakunitajia mtu. Nitamwuliza sasa hivi, na jibu atakalonipa ndilo nitakalokuletea."

Njiru alikuwa ameinama nyuma ya ghala, anang'oa misumari na kukunja magunia ya madirisha. Uso wake ulikuwa bado na tabasamu la mtu aliyepona kuumwa na nyoka. Aliposikia swali langu tabasamu likaondoka, lakini hakukwepa. Alikuwa mtu wa namna hiyo.

"Alikuwako kijana mmoja," alisema. "Tulimchukua kutoka pale. Kiongozi wetu akanipa mimi kazi ile. Niliifanya. Ilikuwa vita, Wambeti."

"Alisema ni wa ukoo gani?"

"Msituni hatukuulizana koo. Tuliapa kwamba sisi sote ukoo mmoja, na kuuliza mtu ukoo wake kulikuwa kosa la kupigwa. Zamani, hata vita vikiwa vikali namna gani, mateka aliulizwa kwanza. Sisi tuliliacha hilo."

"Na yeye hakujitaja?"

"Alikuwa anasali. Kikristo. Hakutaja kitu."

Ni kweli hangetaja. Misheni ilikuwa imemfundisha kwamba mambo ya koo na viapo ni giza lililopita, naye alikuwa amelisadiki. Mmoja alikatazwa kuuliza, mwingine amefundishwa kutojibu. Nikamwambia Njiru kijana yule alikuwa mdogo wa nani, na Mukiri ni wa ukoo gani.

Sijui kama nitaweza kumfanya mtu wa leo aelewe. Njiru alikuwa amelala kwenye theluji ya mlima. Alikuwa ametolewa risasi pajani kwa kisu kilichochomwa moto, akauma tawi na hakulia. Kitanzi alikitaja kama mtu anavyotaja mvua. Lakini aliposikia ukoo ule alikaa juu ya magunia, akatapika pembeni kama mtoto.

"Neno moja tu," alisema. "Angetaja neno moja, ningemfungua mikono mwenyewe, nikafa naye. Wambeti, nimemwaga damu ya gichiaro."

"Nimwambie nini Mukiri?"

Alijifuta mdomo kwa mkono wa shati. "Mwambie yote. Usipunguze."

Kutoka pale mpaka kwenye lori ni mwendo mfupi, na njia nzima neno moja lilikuwa kwenye ulimi wangu, tayari, jepesi kama unyoya: hajui. Sema ndugu yako hajui kitu. Nani angebisha? Mukiri angebaki na shaka yake, na Njiru angebaki na shingo yake. Na kama ningesema kweli, damu ya mdogo wake ingeweza kumshinda, akapiga ile firimbi, gichiaro au si gichiaro. Nililimeza neno lile. Nilimwambia yote, na mahali pia, kama Njiru alivyonielekeza: chini ya mti mmoja wa muiri, pale msitu wa Kibugu unapoanzia.

Mukiri alisikiliza akiwa ameegemea tairi. Alipozungumza, hakunitazama.

"Ulinikata mikono, gichiaro. Mle ndani, kwa fimbo yako."

"Si mimi. Ni wazee waliotuzaa pamoja."

"Kama nisingekuuliza ukoo wako siku ile, leo ningekuwa nimemlipia mdogo wangu."

"Ungekuwa umelipa. Na laana ungeipeleka nyumbani kwako."

Watoto wa kijiji walikuwa wakiruka-ruka karibu na lori, mmoja akiigiza mtu wa kofia.

"Nina ombi," alisema.

"Halikataliwi."

"Mama yangu ni Mkristo siku hizi. Anataka kaburi. Vita vikiisha, ndugu yako atampeleka mahali alipo Misheck. Yeye mwenyewe. Amtazame usoni, amwambie kama ulivyoniambia. Asimtume mtu."

"Na mpaka wakati huo?"

"Mpaka wakati huo, sijamwona mtu mwenye sikio lililochanika." Akapanda lorini, akaketi katikati, mahali pake pa siku zote, akamwambia Billow kwamba tairi lile amelizibia kama mtu anayefukia viazi.

Alilitunza neno lake katika miaka yote iliyobaki ya hali ya hatari. Alitembea na sinema yetu Maua, Siakago na kwingineko, akisimama mlangoni, na ofisa akimwuliza, na yeye akijibu. Alipitwa na cheo. Watu walisema Mukiri macho yamezeeka.

Na Njiru? Hali ya hatari ilipoondolewa, mwaka wa sitini, hakuna aliyemfuata. Angeweza kwenda Nairobi akapotea kati ya watu. Rafiki zake walimshauri hivyo, na mimi, niliyemfikishia ombi la Mukiri siku ileile ya sinema, sikumwambia kitu zaidi, kwa sababu jambo hili lingekuwa na maana kama angelifanya kwa miguu yake. Alikuja Meru, akabisha mlango wa Halimo, nilikokuwa nikiishi, akasema, "Nipeleke." Wazee wa pande zote mbili walichinja kondoo dume kwanza, wakamnyunyizia ili kumtakasa, maana bila hivyo asingeruhusiwa hata kula mbele ya watu wa Mukiri. Kisha tukaenda Kibugu.

Mama yake Mukiri alikuwa mdogo wa umbo, amefunga kitambaa cheupe cha kanisani, na alikataa katakata kubebewa jembe lake. Tulipofika kwenye ule muiri, Njiru alivua kofia. Alimwambia kila kitu, amemtazama usoni. Mukiri alisimama nyuma yao, mikono mgongoni, kama amesimama mlangoni mwa sinema.

"Alisali?" mama aliuliza.

"Alisali, mama. Zaburi. Aliimaliza."

"Ulimwacha aimalize?"

"Nilimwacha."

"Na nani aliweka haya mawe?"

"Mimi. Nilirudi peke yangu. Sikutaka fisi wamfikie."

"Kwa nini?"

Njiru alifikiri. "Alikuwa mdogo," alisema.

Bibi yule aliyatazama mawe yaliyoota kuvu. Kisha akamkabidhi Njiru lile jembe, mpini kwanza, kama mtu anavyomkabidhi wa nyumbani.

"Rekebisha hapa pawe kaburi," alisema. "Na palilia. Mimi miguu yangu haitapanda huku kila mwaka."

Miaka michache baadaye, chai ilipofika huko juu, Njiru alinunua kipande cha shamba Kibugu, si kilicho bora, kile kilichopakana na msitu. Kila msimu wa mvua, kabla hajashika chai yake, alianza kule chini ya muiri. Niliwahi kumkuta hapo na bwana shamba mmoja kijana, aliyekuja kukagua miche, akashangaa kuona msalaba na maua mahali ambapo hapana boma.

"Mzee, hili ni kaburi la nani?"

Njiru hakuinua kichwa kwenye jembe lake. "La ndugu yangu," alisema.

Yule kijana alinitazama mimi, dada yake, kana kwamba anataka kuhakikisha. Nikamwambia ndiyo.